Kofia Nyekundu Juu ya U

Huko Thiers, mto Durolle ukigeuza magurudumu,
wanoaji visu hulala kifudifudi juu ya ubao,
pua shubiri moja na jiwe linalozunguka,
na kila mmoja ana mbwa wake
wa kumlalia miguuni, ampe joto.
Ndivyo alivyoishi Odilon Vacheron
tangu alipotolewa shule, miaka kumi na mmoja:
tumbo ubaoni, cheche usoni.

Barua ya Sidonie ilifika mwaka wa mafuriko.
Sidonie alifundisha Ambert, nyuma ya milima,
mwanamke wa wino na mistari iliyonyooka.
Aliandika mmoja tu:
*J'eusse aimé que tu vinsses.*

Odilon akausoma kama mtu atafunaye kokoto.
*Aimé* alilijua. *Tu*, huyo ni yeye.
Lakini *vinsses*?
Akadhani ni kijiji. Akaenda posta;
karani akapekua ramani, akatikisa kichwa.
Akadhani ni aina ya mvinyo.
Mwisho akadhani ni kosa,
na kosa la mwalimu nani atalijibu?
Akaikunja barua, akaitia katika kisanduku
cha visu vilivyokataa makali.

Miaka kumi na miwili.

Kisha likafunguliwa darasa la usiku juu ya ghala la ngano,
jiko la makaa, madawati ya watoto,
magoti ya wazee yakigonga mbao.
Mamzeli Barrandon akashika chaki:
leo kitenzi *venir*, katika njeo ambayo, alisema,
hata mapadri wameiacha mimbarini.
*Que je vinsse.*
*Que tu vinsses.*
*Qu'il vînt*, na ile i ikavaa kofia.

Odilon hakufika kwenye kofia.
Alibaki mstari wa pili,
kwenye s mbili zinazochachatika
kama chuma chekundu kikizamishwa majini.

Sisi tungesema: laiti ungalikuja.
Ngali, silabi mbili,
na msikiaji anajua mlango umeshafungwa.
Wao mlango wameuficha ndani ya tahajia,
na asiyejua kusoma hupita nje yake
miaka kumi na miwili, mkono mfukoni.

"Mamzeli, mtu akiandika hivi, bado anangoja?"
"Njeo hii haingoji, Bwana Vacheron.
Inasema tu kwamba palikuwa na kungoja."

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya *savoir*.
*Que je susse*, akasoma Mamzeli,
na vijana wa karakana wakaanguka kwa kicheko,
maana kwa sikio la Kifaransa
neno hilo ni kunyonya, na kunyonya kuna mengi.
Odilon hakucheka.
Alikuwa akilitafuta neno hilo hilo.

Aliharibu karatasi nne. Ya tano akaituma:
*Il eut fallu que je susse lire.*
Ilinipasa niwe najua kusoma.
Vidole vyake, vyeusi kwa vumbi la jiwe,
viliacha alama pembeni, kama muhuri.

Siku ya tisa karatasi ilirudi, ile ile.
Hapana salamu, hapana jina.
Ila juu ya u ya *eut*,
kwa wino mwekundu, kofia iliyosahauliwa.

Akampelekea Mamzeli. "Hili ni jibu?"
Akavaa miwani, akaivua.
"Ni tahajia," akasema.
Kisha, mgongo kwake, akifuta ubao:
"Lakini hakuna mwalimu asahihishaye daftari
la mwanafunzi aliyekwisha kumfuta kwenye orodha."

Jumamosi Odilon alisugua kucha kwa mchanga na siki.
Akabisha kwa mjane Chassaing, ghorofa ya chini,
akamwomba, bila kueleza,
amtunzie mbwa hadi Jumatatu.